Hodi ya Nne

Mimi nilikuwa mtu wa mizani, na nilijisifu kwayo hata kwa watu wasioniuliza. Wachezaji wenzangu wa poka ya mtandaoni, ambao nawajua kwa majina ya uongo tu, walilalamika migongo, macho, usingizi, wake waliorudi kwao. Mimi nikiwacheka. Kila alfajiri natoka mtaani kwetu Kuze kwa miguu hadi Feri, nawatazama wanaokimbilia kivuko, kisha narudi kwa upande wa Kizingo penye vivuli. Usingizi wa saa nane bila kupungua. Kahawa mwisho adhuhuri. Hata kiti nilinunua cha ofisi, cha magurudumu, kwa ajili ya uti wa mgongo wangu. Kilikuwa na ila moja tu: ukiinama mbele, kinalia, na sauti yake inafika mpaka ngazini.

Kanuni iliyokuwa juu ya zote ilihusu mlango. Nikiwa mchezoni, mlango hurudishwa. Anayenitaka abishe hodi, nisipoitikia ashuke. Kwetu jambo hilo halihitaji maelezo. Hodi ni tatu. Unabisha, unangoja, unabisha tena, unangoja, ya tatu isipojibiwa unakwenda zako bila kinyongo, maana mwenye chumba ana haki ya kutokuwa tayari. Baba yangu ndiye aliyewafundisha hayo nusu ya watoto wa mtaa wetu, chuoni alikosomesha Kurani, kwa bakora ndogo na sauti kubwa. "Ya nne ni utovu wa adabu," akisema. Mimi nikaichukua adabu hiyo ya baba nikaifanya kufuli.

Baba aliishi chini, peke yake tangu mama atutoke, na mimi ghorofani. Miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, alipanda na sinia la kahawa na kaimati, akaiona skrini yangu.

"Hizo si karata?"

"Ni hesabu, baba. Ni kazi ya hesabu."

"Karata hata uzivike kanzu ni karata."

Akageuka na sinia lake. Hakunifukuza, wala hakunitukana. Alisema tu kwamba mguu wake hautakanyaga tena huko juu mpaka niache, na baba akisema amesema. Tangu hapo tukawa tunakutana chini. Nambusu mkono, tunakula pamoja, tunazungumza habari za maji ya mfereji na bei ya samaki. Mlangoni pangu sauti yake sikuisikia tena.

Ndiyo maana sina udhuru.

Ilikuwa Jumapili, baada ya Alasiri. Jumapili ndiyo siku ya mashindano makubwa, na hayo yalikuwa yameanza tangu mchana na mamia ya watu. Tulikuwa tumebaki tisa, meza ya mwisho, na sikuwahi kufika mbali hivyo. Mashindano hayo hutoa mapumziko ya dakika tano kila saa ikibakisha dakika tano kutimia. Basi ilipofika saa kumi na moja kasoro dakika saba, nikapewa bibi wa kopa na bibi wa shupaza, na jamaa mmoja aliyekuwa akinisumbua tangu mwanzo akasukuma dau lake lote. Nikishindwa hapo, siku yangu imekwisha. Ilikuwa zamu yangu kujibu, na sekunde zilikuwa zikipungua pembeni mwa skrini.

"Hodi."

Niliijua papo hapo. Mtu aliyeapa kutopanda amepanda. Yeyote mwenye akili timamu angesimama. Mimi nikapiga hesabu. Mapumziko yako karibu, dakika mbili tu, atangoja.

"Hodi."

Sekunde kumi na mbili. Nikainama kuisogelea skrini, kiti kikalia.

Hodi ya tatu ilitoka nzito, kama ya mtu aliyeweka kokwa ya tende chini ya ulimi. Ningeweza kusema sikuitambua, na nani angenipinga? Lakini niliisikia, na nilisikia kwamba ni nzito, na kidole changu kikabonyeza kulikubali dau. Nikasikia nyayo zikishuka, moja moja, na mkono ukiburuzwa ukutani.

Nilishinda. Mapumziko yakafika, nikafungua mlango, nikachungulia. Ngazi ile imejipinda katikati, kwa hivyo mtu aliye juu haoni chini kabisa. Nikajiambia ameshuka zake, hakuna neno, nitamuuliza baadaye. Kisha, na hili ndilo linalonichoma kuliko yote, nikafanya mazoezi yangu ya mgongo. Nikanyoosha mikono, nikazungusha shingo, nikanywa maji glasi nzima, nikala ndizi. Mtu wa mizani hapotezi mapumziko. Kisha nikarudi mezani.

Aliyemwokoa baba ni jirani yetu, mama mmoja asiyejua hodi. Huingia nyumba za watu akiwa katikati ya maneno, na baba alimlaumu kwa hilo maisha yake yote. Kila Jumapili kabla ya Magharibi humletea bakuli la tambi. Siku hiyo niliusikia ukelele, kisha bakuli likivunjika.

"We! Shuka! Ndoo umuone babako!"

Nilimkuta chini ya ngazi, bega limeegemea ukuta, mdomo umekwenda upande. Jicho moja lilinitazama. Alikuwa amekaa hapo karibu saa nzima, ngazi moja chini yangu, wakati mimi nacheza. Nilimwita baba, baba, na yeye akatoa sauti isiyokuwa neno.

Dada yangu alikuja mbio na gari kutoka Kizingo, lakini gari haliingii kwenye vichochoro vyetu. Nilipanda nikakiteremsha kiti changu. Tukamkalisha, jirani akamfunga kifuani kwa leso, nami na wanaume watatu waliokuwa barazani tukamsukuma, na penye mawe tukambeba. Kiti kililia kila hatua mpaka barabarani. Nyuma yetu, juu, mchezo ulikuwa ukiendelea bila mimi, na sikujua wala sikujali ulikwishaje.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, mtu wa bara, wa maneno machache. Alisema picha ya kichwa haionyeshi damu iliyovuja, kwa hivyo ipo dawa ya kuyeyusha donge lililoziba mshipa, lakini dawa hiyo ina saa zake. Ikipita muda wake yaweza kumuua. Akatuuliza baba alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi.

Jirani alisema alimwona akitoka kuswali Adhuhuri. Dada alisema alizungumza naye kwa simu wakati huohuo.

"Basi lazima nihesabu tangu Adhuhuri," akasema daktari. "Na hapo tumeshachelewa."

Hakuna aliyeniuliza mimi. Wote walijua kwamba nikiwa juu sijui la chini. Mezani nimejifunza uso usiosema kitu, na nilikuwa nao pale, umekaa vizuri kabisa. Ningenyamaza, pasingekuwa na mtu wa kunijua. Niliona aibu, nikaogopa, nikamtazama dada yangu ambaye ndiye aliyenitetea kwa baba miaka yote miwili. Nilimpenda baba, Mungu ashuhudie, na bado nilichelewa kufungua mdomo.

"Saa kumi na moja kasoro dakika saba," nikasema.

Daktari akanigeukia. "Ulikuwa naye?"

"Alibisha hodi mlangoni kwangu. Mbili za kwanza zilikuwa safi. Ya tatu ulimi ulikuwa mzito."

"Na ulipofungua, alikuwa vipi?"

"Sikufungua."

Akaandika. "Una hakika na dakika hizo? Nikikosea, atavuja damu kichwani."

"Nina hakika. Mchezo una saa. Nilikuwa naitazama."

Akaondoka akikimbia. Dada yangu akainuka akaenda kukaa benchi la upande wa pili, akanipa mgongo.

Baba hakufa. Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, mkono wa kulia umelala, ulimi unatembea polepole. Dada alihamia chini kumuuguza, na mimi nikampokea zamu bila kuzungumza naye ila habari za dawa. Baba nilimlisha, nikamwosha, nikamgeuza. Hakuniuliza kitu. Sijacheza tangu siku ile, na sitaki kudai ni uchaji. Nikikaa mbele ya skrini naisikia ile ya tatu.

Lililonisumbua ni kwamba hajui. Nilikuwa na hakika anaamini nililala, au nilitoka. Huruma aliyonionyesha, namna alivyokuwa akiupapasa mkono wangu kwa mkono wake mzima, niliiona kama ya wizi. Ijumaa moja baada ya swala, dada akiwa sokoni, nikaenda mlangoni pake kumwambia.

"Hodi."

Kimya. Nikangoja.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, baba."

Kimya. Kwa mafunzo yake ilinipasa kwenda zangu. Mkono wangu ulikuwa juu ya mbao za mlango.

"Hodi!"

Ndani kikasikika kikohozi, kisha maneno, moja likilisubiri jingine.

"Ya nne... hiyo."

"Najua, baba."

"Karibu."

Niliingia nikakaa sakafuni, kando ya kitanda chake, macho yangu kwenye mkeka.

"Siku ile nilikuwa ndani," nikasema. "Nilikusikia. Zote tatu."

Baba aliyaelekeza macho kwenye boriti za dari, ambazo juu yake ndipo penye chumba changu. Ulimi wake ulichukua muda mrefu kujipanga, nami nikangoja.

"Kiti chako," akasema, "kililia."

Kililia baada ya hodi ya pili. Basi alijua nimo. Alijua, akasimama pale na ulimi ule unaomponyoka, akabisha ya tatu, akangoja, akashuka.