Sketi Saba za Damu ya Mzee

Mfamasia alikuwa ameshamaliza kumweleza mjukuu wa Bibi Ngazi namna ya kuisogeza hedhi. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Aanze siku tatu kabla ya tarehe zake, aache mechi yake ya mpira wa pete ikiisha, na hedhi itakuja yenyewe baada ya siku mbili tatu. Asidhani vinazuia mimba, kwa sababu havizuii. Alikuwa ameshaisoma karatasi ya daktari, ameshauliza habari za damu kuganda, za kipandauso, za ujauzito, na mjukuu ameshajibu hapana mara tatu. Ndipo Bibi Ngazi, aliyekuwa ameegemea kaunta muda wote kama mtu asiyesikiliza, akanyoosha shingo.

"Samahani, mwanangu. Ni vya rangi gani?"

"Vyeupe, bibi."

"Vyote?"

"Vyote."

"Hakuna vya kahawia mle ndani, hata kimoja?"

Mfamasia akamtazama mjukuu. Mjukuu akatazama dari.

"Bibi, na wewe na rangi!"

"Niache niulize. Mwenzio niliuziwa mbuzi kwenye gunia, tena na dada yangu mwenyewe."

Walipotoka wakakaa kwenye benchi la nje, chini ya kibao cha duka, maana magoti ya Bibi Ngazi hayakupenda kusimama na kutembea kwa mfululizo. Mjukuu akafungua pakiti, akampa aone. Vyeupe kweli, vimejipanga kama meno ya mtoto. Bibi akavitazama kwa muda mrefu kuliko vinavyostahili kutazamwa vidonge. Kisha akacheka peke yake, na mjukuu akajua leo watachelewa kufika nyumbani.

Enzi hizo alikuwa na miaka ishirini na mbili, mfumaji katika kiwanda cha nguo, na jina la Ngazi alipewa na wenzake kwa sababu alikuwa mrefu, eti anafika kwenye pete ya goli bila kuruka. Ukumbi wa ufumaji ulikuwa na kelele za kuziba masikio. Mashine mia mbili zikipiga kwa pamoja, hata ukipiga yowe hakuna akusikiaye. Wanawake wakajifunza kusemezana kwa midomo tu, bila sauti, mmoja mwanzo wa safu na mwingine mwisho wake. Yeye na dada yake walizoea hata nyumbani: walimsengenya mama yao mbele yake, chakula mkononi, na mama akibaki kuuliza kwa nini mnachezesha midomo kama samaki.

Dada alikuwa sehemu ya kutia vitambaa rangi. Kucha zake hazikuwahi kuwa na rangi yao: Jumatatu za buluu, Ijumaa za kijani. Alikuwa mama wa watoto wanne, mwenye jibu kwa kila swali, na jibu hilo alilitoa kabla swali halijaisha.

Kila mwaka wanawake wa kiwanda walicheza mpira wa pete na wanawake wa kiwanda cha sabuni. Meneja aliagiza sketi nyeupe pe, ili watu waone kitambaa kinavyong'aa. Hapo ndipo palipokuwa na shida ya Ngazi. Siku zake zilikuwa nzito, za kumwaga, na miaka miwili mfululizo ziliangukia siku ya mechi. Mwaka wa kwanza alijaribu kucheza. Kabla ya mapumziko akatoka uwanjani mbio amejishika sketi kwa nyuma, na watu wa sabuni wakamsindikiza kwa vicheko. Mwaka wa pili alikaa pembeni, amejifunga shuka, akihesabu mabao ambayo yeye angeyafunga. Na sasa ulikuwa wa tatu na wa mwisho, kwa maana ilikuwa imeshatangazwa kwamba kiwanda kitafungwa. Asipocheza safari hii, hatacheza tena.

"Mbona jambo dogo?" alisema dada. "Mimi si nina vidonge vya uzazi wa mpango? Wenzetu wanavitumia kusogeza siku."

Akatoa pakiti yake. Safu tatu za vidonge vyeupe, safu moja ya kahawia.

"Sasa sikiliza. Vyeupe ni vya kuzuia mimba, hivyo nakuomba usiviguse, watoto wanne wananitosha. Hivi vya kahawia ndivyo navimeza nikiwa kwenye siku zangu. Kwa hiyo vya kahawia ndivyo vya hedhi. Si ndiyo?"

"Ndiyo," alisema Ngazi, kwa sababu ilieleweka kabisa.

Akavimeza vyote saba, kimoja kila asubuhi, kwa imani na maji mengi. Siku ya mechi ikafika, asubuhi ikapita salama. Dada akapita ukumbini, akamwuliza kwa midomo kutoka mlangoni: vipi? Naye akajibu kwa midomo: shwari.

Saa saba mchana, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mechi ikiwa saa nane, tumbo likamkata. Lile lile analolijua.

Alipoitwa, dada alikuja mbio, mikono imelowa hadi viwikoni. Akamkuta mdogo wake amekaa chini, sketi nyeupe mapajani, machozi yanamtiririka.

"Nimemeza vyote, dada. Vyote saba."

Dada aliiangalia ile sketi. Kisha akaangalia mikono yake.

"Nipe hiyo."

"Unaipeleka wapi?"

"Kwenye pipa la rangi. Lakini nikitia moja tu kila mtu atajua ni ya nani na kwa nini. Leteni zote saba, za timu nzima."

Nahodha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume, ndiye aliyeanza kuvua. "Chukua. Leo yeye, kesho mimi. Meneja akitaka weupe avae yeye."

Pipa lililokuwa moto siku hiyo lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva. "Ningekuwa na buluu ningetia buluu," dada alisema akizikoroga kwa mti. Rangi ile inataka saa nzima ya maji ya moto na chumvi, kisha isuuzwe mpaka maji yatoke safi. Wao walipata nusu saa. Wakazikamua wawili wawili, wakazivaa mbichi, zinafuka mvuke.

Robo ya kwanza haijaisha, rangi ikaanza kushuka. Ilishuka mapajani, magotini, ikaingia kwenye soksi. Miguu kumi na minne, yote inachuruzika nyekundu, nahodha akiwa ndiye aliyezidi.

"Jamani, hao wanavuja!" walipiga kelele watu wa sabuni.

"Leteni sabuni basi!" akajibu nahodha, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mara hii hakikuwa cha kumcheka mtu.

Ngazi alitazama pembeni. Dada alikuwa pale, kucha nyekundu, akimwambia kwa midomo kupitia kelele zote zile: hakuna kinachoonekana. Funga.

Walifungwa kumi na tisa kwa kumi na nane. Kati ya hayo kumi na nane, kumi na tano yalikuwa yake.

"Na vile vidonge?" aliuliza mjukuu.

"Muuguzi niliyemwuliza baadaye alicheka hadi akakaa. Vya kahawia vilikuwa madini ya chuma, vya kuongeza damu. Dada yangu alikuwa ananijazia tangi!"

Wakacheka wote wawili, mpaka mfamasia akachungulia dirishani. Kisha Bibi Ngazi akavitazama tena vile vidonge vyeupe. Dada alikuwa amezikwa mwaka wa pili sasa, na alipooshwa kucha zake zilikuwa nyeupe. Jambo hilo hakuwahi kulizoea. Akaifunga pakiti, akamrudishia mjukuu. Alifurahi kwamba mtoto huyu hatalia kwenye sakafu ya chumba chochote. Akasikitika kidogo pia, kwamba hatajua wanawake sita wakivua sketi kwa ajili yake.

Jumamosi ya mechi alikaa safu ya mbele. Mjukuu aliingia uwanjani na sketi nyeupe isiyo na doa, akageuka kumtafuta. Kelele zilikuwa nyingi. Midomo ya Bibi Ngazi ikajiendea yenyewe, bila sauti: hakuna kinachoonekana.

Mjukuu akaweka kiganja sikioni. "Nini, bibi?"

Hakuwa amebaki mtu wa kuisoma midomo ile. Bibi Ngazi akasimama juu ya magoti yake mabovu, akavuta pumzi.

"Funga, mwanangu! Nimesema funga!"