Nilimkata Kaka Yangu kwa Ajili ya Albamu ya Kantri

Mkosaji ni mimi. Msinitafutie visingizio, nimeshavitafuta vyote mwenyewe, havikunifaa.

Nina miaka arobaini na minne na tangu nimalize shule sijawahi kukaa mji mmoja miaka miwili. Mwanza, Geita, Kahama, Kigoma. Kitu pekee nilichohama nacho kila mahali ni albamu moja ya muziki wa kantri ya mwanamama wa Kizungu. Niliijua kwanza kwenye kanda, nikiwa sekondari, nimepanga chumba mjini, mtaa wa Miembeni. Siku hizi iko kwenye simu. Jamani, yule mama anaimba! Sauti kavu kama ya mtu aliyemaliza kulia sasa hivi. Anaimba barabara, anaimba nyumba aliyoiacha, na gitaa linamfuata nyuma kama mbwa. Likizo nilikuwa naipiga nyumbani Muleba, mama anamenya ndizi huku anatikisa kichwa, haelewi hata neno moja.

Mama alipougua, kaka yangu Deusi, aliyebaki nyumbani, alinipigia. "Njoo." Nikasema wiki ijayo. Akapiga tena. Wiki ijayo. Nilifika siku ya tatu baada ya mazishi!

Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi, watu wamekaa chini. Kibanjani, kwenye migomba yetu, hakuna aliyeshika jembe; kwetu Wahaya msiba ukiwepo shamba nalo linapumzika. Nikakaa. Mchana ule kimya kikanishinda. Nikatoa spika yangu ndogo, nikaweka albamu. Nilijiambia namlilia mama kwa nyimbo alizozipenda. Uongo! Niliutaka utamu wangu mwenyewe.

Shangazi akashika mdomo. "Waitu! Mwanangu, hapa tumelalia nyasi, hatujaja ngomani."

"Zima," alisema Deusi.

"Mama alizipenda hizi."

"Zima, mtalii wewe! Mama ulimzika wewe?"

Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha puani. Nikaongeza sauti. Mimi! Kaka akainyakua spika, akaibamiza ukutani, akanisukuma. Nikampiga ngumi, akanirudishia mbili, mdomo ukajaa damu. Tukaviringishana mpaka uani. Pale mlangoni ulikuwa umeegemezwa mundu wa kupogolea migomba.

Sikumbuki kuushika. Nakumbuka mkono wake wa kulia ukipanda kukinga uso. Vidole vitatu vilianguka vumbini, na Shangazi akavifunika kwa kanga yake kama anafunika vifaranga. Vijana wakanishukia kwa mateke na kuni mpaka mbavu zikavunjika. Nilistahili. Ndani, spika iliyopasuka ilikuwa bado inaimba.

Siku mbili baadaye nilijikongoja mpaka kitandani kwake hospitali, nikapiga magoti. Hakunifukuza. Alisema polepole:

"Wiki tatu nilikuwa nampigia mama albamu hiyo hiyo kwenye simu yangu. Aliitaka mwenyewe. Gitaa likianza tu, anageukia mlango, anauliza, 'Amefika?' Namjibu, 'Yuko njiani, mawe, mama yangu.' Ndiyo maana nilikwambia uzime. Ningevumilia yote, lakini si lile gitaa."

Yesu wangu!

Wazee walitaka kunipeleka polisi, kaka akakataa. Alisema mama hakuzaa mfungwa. Leo anachuma kahawa kwa mkono wa kushoto. Mimi nimepanga chumba mjini, Ijuganyondo. Kibanjani sikanyagi, na wala sijafukuzwa. Miguu ndiyo inakataa. Albamu bado ninayo. Nikiiweka sifiki mbali. Gitaa likianza, shingo inageukia mlango yenyewe.

Ninyi mnaozurura kama mimi, nisikieni. Ukichelewa msiba, kaa kwenye nyasi unyamaze; waliomuuguza marehemu ndio wanaojua kipi kipigwe na kipi kizimwe. Na kama huko nyumbani bado kuna mtu anayegeukia mlango na kuuliza kama umefika, acha habari za wiki ijayo. Fika!