Tundu la Boila na Blanketi la Bibi

Kila mwaka baridi inapoanza kuuma na boila ya nyumbani kwangu, ule mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto, inapowashwa kwa mara ya kwanza, vumbi lililolala kwenye mabomba huungua kidogo na kutoa harufu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Watu wengi hapa Toronto huipenda harufu hiyo. Mimi huacha ninachofanya nikashuka chini kutazama rangi ya moto. Mume wangu amezoea, hacheki tena.

Nilikuwa na miaka tisa Bibi, mama yake baba, alipotoka Singida kuja kukaa nasi Scarborough, hapa hapa Toronto. Nyumba yetu ilikuwa ndogo na ya zamani. Chumba pekee kilichokuwa wazi kilikuwa kule chini ya ardhi, kikitenganishwa na boila ya gesi kwa mlango mmoja tu. Baba alikisifia kwamba ndicho chenye joto kuliko vyote. Bibi alikaa kitandani, akatazama dari, akasema Singida hata mbuzi hawalazwi shimoni.

Mama na Bibi hawakuwahi kugombana mbele yangu. Waliheshimiana mno, na heshima ile ndiyo iliyokuwa ikinitisha. Chakula cha mama kilizidi chumvi, au kilipungua chumvi, siku haikupita bila neno. Jioni Bibi alikwangua kadi yake ya simu akawapigia shangazi zangu, na mama aliosha vyombo polepole ili asikie.

Lalamiko kubwa lilikuwa baridi. Nyuma ya boila, karibu na sakafu, palikuwa na tundu lenye wavu lililotokeza hadi nje. Upepo wa theluji uliingia hapo mchana kutwa, ukapita chini ya mlango mpaka kwenye miguu ya Bibi. "Mama Neema," alimwambia mama, "aliyejenga nyumba hii aliondoka kabla hajamaliza." Magoti yake yalikuwa mabovu, hayakunjiki. Hata kanisani wenzake walipopiga magoti yeye alibaki kwenye benchi, akasema Mungu anamjua.

Siku moja mama akachoka kusikia. Akachukua blanketi la kijivu ambalo Bibi alikuja nalo kutoka nyumbani, akauvuta ule wavu, akapiga magoti nyuma ya boila na kulisokomeza blanketi lote tunduni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona. Aliinuka na vumbi magotini, anatabasamu. Asubuhi yake Bibi alisema, "Leo nimelala kama mtu." Sikumbuki siku nyingine aliyofurahi mama vile mwaka ule.

Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba moto wa gesi nao unavuta pumzi, na kwamba ulikuwa ukiivuta kupitia tundu lile.

Baada ya hapo mambo yalianza kwenda kombo kidogo kidogo, na kila jambo tulilipatia maelezo. Ule moto uliokuwa wa bluu kwenye kidirisha cha boila ukageuka njano. Baba akachungulia, akafurahi: "Sasa unawaka kama moto." Kwao moto unaopasha joto ni wa njano, basi. Vioo vya madirisha vikawa vinatiririka maji. Boila ikaanza kuzimika yenyewe. Baba akabonyeza kitufe chekundu, ikawaka, kesho yake akabonyeza tena, akasema fundi ataitwa theluji ikipungua.

Na Bibi akaanza kuumwa kichwa. Alimeza Panadol, akajifunga kitambaa, akasikia kichefuchefu hata kwa chai ya rangi. Cha ajabu, Jumapili tukifika kanisani kichwa kilipona kabisa. Aliimba, alicheka na watu, alikula maandazi. Tukirudi nyumbani, muda si mrefu kinarudi. Bibi aliona ni nguvu ya maombi. Kisha nikamsikia akiongea na shangazi mkubwa: "Nikitoka humu ni mzima. Nikirudi, naumwa. Sijui nyumba hii ina nini." Sauti ya shangazi haikuhitaji simu. Sote tulimsikia akiuliza, "Kwani nani anakupikia, mama?"

Mama alizima jiko wali haujaiva. Niliogopa, ingawa sikujua naogopa nini.

Jumamosi iliyofuata baba alikuwa kazini. Nilikuwa mezani nafanya hesabu, kichwa kikinigonga, kengele ya dari, ile ya kuonya moshi na hewa mbaya, ilipoanza kulia. Nyumbani kwetu kengele ile ilikuwa adui wa chapati. Mama akikaanga kitu tu inalia, ndiyo maana kanga ya kuipepea ilining'inia kwenye msumari wake, na mpepeaji nilikuwa mimi. Nikapanda kiti nikapepea. Ikaendelea. Nikapepea mpaka mikono ikauma.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akatazama juu, akageuka akatazama jikoni. Palikuwa na sufuria moja tu, ya maharage, yanachemka taratibu. Hapakuwa na moshi wala harufu ya kitu kuungua.

"Neema, Bibi ameshaamka?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba bado. Mwiko ukaanguka. Mama alishuka zile ngazi kwa kishindo ambacho sijawahi kukisikia tena.

Nilimfuata hadi ngazi za katikati. Bibi alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, kichwa kimelala begani. Mama alimwita, hakuitika. Akampiga kofi la shavuni, mama yangu huyu ambaye hakuthubutu hata kumkatiza maneno. Bibi akafumbua macho nusu, akamwita mama kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Hapo nilijua Bibi anakufa, na nikaanza kulia kwa sauti.

"Nyamaza. Lete kanga, fungua mlango wa mbele, toka nje."

Mama ni mwanamke mfupi. Alimvuta Bibi mgongoni, akamfunga kwa ile kanga ya kupepea kengele, akapanda ngazi akishika ukuta huku miguu ya Bibi ikiburutika nyuma yake. Hakuzima boila, hakurudi kuchukua viatu. Tulitoka kwenye theluji na soksi. Jirani yetu, Mtamil wa Sri Lanka, alitufungulia mlango kabla hatujagonga, na mama akapiga simu ya dharura kutoka kwake. Bibi alitapika kwenye zulia la watu, na mama akasema asante Mungu.

Zimamoto walifika na vipimo vyao, wakafunga gesi, wakafungua madirisha yote. Mmoja akaja sebuleni kwa jirani ameshika blanketi la kijivu lenye masizi. Akaeleza kwa upole kwamba hewa ikizibwa moto hutoa sumu isiyo na harufu. Kisha akauliza ni nani aliyeziba tundu. Mama akafungua mdomo.

Bibi alikuwa kwenye machela, tayari kubebwa. Akajivua kifaa cha hewa usoni.

"Neema, mwambie ni mimi."

Nikamtazama mama. Alikuwa anatazama lile blanketi. Nikatafsiri kama nilivyoambiwa.

Niliamini ni gesi iliyomsemesha. Mtu ambaye muda mfupi tu uliopita alimwita mkwe wake kwa jina la marehemu angekumbuka nani aliziba nini? Hospitali Bibi alimwambia baba hivyo hivyo, kwamba ni yeye, na baba akamgombeza. Bibi aliporudi nyumbani, kwake maharage ya mama yalikuwa bado yamezidi chumvi.

Bibi alirudi Singida, na miaka mingi baadaye akafariki huko. Tulikwenda msibani, baba, mama na mimi. Jioni, wanawake wakiwa wamekaa mkekani, shangazi mkubwa akakisimulia kile kisa, jinsi mama yao alivyokaribia kujiua kwa ubishi wake na blanketi lake, na mkwe akambeba mgongoni. Alikuwa amekisikia kwa Bibi mwenyewe, kwenye simu, tena na tena, miaka yote. Wote walikijua. Wakacheka, wakalia, wakamshika mama mikono.

Gesi haikai kichwani miaka yote hiyo. Bibi alijua shangazi zangu wangesema nini kuhusu mama kama wangeambiwa ukweli, na alijua wangeendelea kukisema mpaka kufa kwao.

Nilimkuta mama uani, anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa.

"Lile tundu lilikuwa chini kabisa," alisema bila kunitazama. "Na yule mama hakuweza kupiga magoti hata mbele ya Mungu."

Kisha akalia, mara ya kwanza tangu tufike.