Goti la Mama Theonest

Marehemu mama yetu Zipora aliolewa Kharumwa, katika mji wa mzee Maduhu, na pale mke wa mtoto alimwamkia baba mkwe akiwa amepiga magoti. Mwaka 1976, baada ya msimu wa pamba, goti lake la kulia lilianza kuuma mbele, kwenye kile kifupa cha pia. Akidhani limekakamaa tu, akazidi kulipigia magoti ili lilegee. Likazidi kuuma. Chale na dawa ya mizizi havikusaidia.

Asubuhi moja akashindwa. Akainama tu, sahani ya viazi mkononi, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, baba."

Maduhu akageukia ukuta. "Chakula cha mwenye kiburi sili. Kama hawezi kuniheshimu, arudi kwao Ibadakuli."

Zipora alilia, akasali akiwa amekaa, kisha akaenda zahanati. Tabibu Kalisti alilibonyeza goti, akamwambia achuchumae. Zipora akaguna kwa maumivu.

"Ukishuka kilima je?"

"Afadhali kupanda. Hata nikikaa sana kanisani linauma."

"Mfupa ni mzima, mama. Msuli wa paja umedhoofu, ndiyo maana pia inasuguliwa vibaya. Kwa sasa usipige magoti wala kuchuchumaa. Kila siku nyoosha mguu, kaza paja, uinue taratibu. Itachukua miezi."

"Miezi! Na baba mkwe?"

"Huyo sina dawa yake."

Basi kila asubuhi akawa analala mkekani, anainua mguu. Wifi yake Nyamizi akacheka: "Mama Theonest, unampiga teke nani?"

"Shetani," akajibu, akaendelea.

Chakula cha mzee kikawa kinapelekwa na Nyamizi. Zipora hakurudi kwao, wala hakupiga magoti kabla ya wakati. Mungu alimjalia ugumu wenye upole ambao sisi wanawe hatukuurithi.

Mvua zilipokatika, alibeba ugali mwenyewe, akapiga magoti mbele ya mzee. Maduhu aliitikia polepole, makusudi, Zipora akiwa bado magotini. Akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za kisima, za ndugu wa Ibadakuli mmoja mmoja. Zipora akajibu zote kwa uso mkunjufu, mpaka maswali yakamwishia mzee.

"Haliumi?"

"Linanikumbusha tu kwamba lipo, baba."

Maduhu akanawa, akamega tonge. "Nyamizi," akaita huku akitafuna, "mletee mwenzio kigoda. Asije akaliharibu tena."