Nyumba ya Udongo Isiyong'aa

Ukishuka Segera ukakuta malori madogo ya mbao yamepangwa juu ya ubao, yamepakwa rangi vizuri mpaka namba za usajili zinasomeka, jua hizo ni kazi za Awadhi Mhina wa Handeni. Malori yake yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Msafiri aliyekaa dirishani hununua kile kinachomwita kwa mbali, kwa hiyo Awadhi hana uchoyo na vanishi. Kwa miaka mingi aliamini kwamba kazi isiyong'aa ni kazi ambayo haijakwisha. Mke wake Hamisa husema kwamba mumewe akiachiwa nafasi atawapaka vanishi hata kuku.

Aliyemtoa katika imani hiyo ni bibi mmoja wa Dindira, kule milimani, anaitwa Yuditha.

Bibi Yuditha alikuwa na nyumba ya udongo aliyoijenga na marehemu mume wake. Masika yaliyopita ikaanguka. Watoto wake wakajinyima, wakamjengea nyumba ya tofali yenye bati jekundu. Bibi aliwashukuru sana, akaweka mahindi yake humo ndani, yeye mwenyewe akaendelea kulala kwenye kibanda cha jikoni. Nyumba ni nzuri, aliwaambia, ila si kwake. Juu ya hayo, daktari alikuwa amemkuta na presha ya macho. Dawa ya matone ingepunguza tu mwendo wa ugonjwa. Nuru iliyokwisha kupotea haitarudi.

Binti yake Janeth, anayeuza mboga Korogwe, ndiye aliyeyaona malori ya Awadhi. Akamwomba amtengenezee mama yake ile nyumba ya zamani, ndogo ya kupakata, aione tena kabla macho hayajazima kabisa. Picha iliyokuwepo ilikuwa moja tu kwenye simu, ya siku ya arusi ya mmoja wa watoto, na wageni wamejipanga wakaziba nusu ya nyumba.

Awadhi aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Fito za kuta alizichonga kwa njiti, paa akaliezeka kwa nyasi halisi, na mlango akaugandisha kwa gundi ukiwa wazi kidogo, kama anavyoacha milango ya malori yake, kwa urembo. Halafu akafanya alichozoea. Akaipaka vanishi mpaka ikametameta, akaifunga kwenye kanga ya Hamisa, akapanda nayo Dindira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Haya, nipe nyumba yangu."

Bibi aliipakata, akaigeuza kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza tena. Alikunja uso kama mtu aliyemulikwa na taa ya pikipiki.

"Naona mwanga tu, baba. Nyumba siioni." Akampa mkononi. "Na nyumba yangu haijawahi kung'aa, hata siku ya arusi."

Awadhi alishuka mlima amenuna. Njiani aliyalaumu macho ya bibi, akamlaumu Janeth na picha yake, akailaumu barabara. Alipofika Korogwe alikuwa hana tena wa kumlaumu. Ukuta wa udongo haung'ai, kila mtu anajua, na yeye amezaliwa ndani ya kuta hizo hizo. Aliona haya.

Wengine wangerudisha malipo ya awali na kurudi kwenye malori. Awadhi alikwenda moja kwa moja kwa Deogratius, fundi anayemalizia vitanda na makabati pale Korogwe, akamuuliza kama ipo vanishi inayolinda rangi bila kung'aa. Ipo, inaitwa ya mati. Awadhi akanunua kopo, akafungua hapo hapo, akachovya brashi na kujaribu kwenye kipande cha ubao. Ikang'aa.

"Umeniuzia ile ile," akasema.

Deogratius alicheka, akachukua kijiti akakizamisha mpaka chini. Kilitoka na uji mzito, mweupe. "Kinachoua mng'ao ni huu unga, na huu hulala chini. Ukichota juu juu umechota mng'ao mtupu. Koroga mpaka mkono uchoke, halafu upake nyembamba."

Awadhi alikoroga mpaka mkono ukachoka kweli. Kipande cha ubao kilipokauka kilikuwa kimepoa, kimetulia, kama chungu kilichotoka kusuguliwa. Alikaa akikitazama kwa muda mrefu, mtu mzima yule, kana kwamba hajawahi kuona rangi.

Sasa akaingiwa na wazo ambalo mimi naona ndilo linalomtofautisha na mafundi wengi. Akaona rangi ya dukani haitoshi. Alipiga nyumba msasa laini, akapanda nayo tena Dindira, akaenda kwenye lile rundo ambalo zamani lilikuwa nyumba, akachota udongo wake, akauchekecha kwa kitambaa na kuuchanganya kwenye rangi. Kuta alizipaka kwa udongo ule ule. Bibi alikaa karibu akimwelekeza: juu ya dirisha la jikoni palikuwa na masizi, na upande wa chini kona ilibonyea kwa sababu mbuzi walipenda kujikuna pale. Akaweka masizi, akaibonyeza kona.

Rangi ilikauka taratibu karibu na jiko, na asubuhi iliyofuata Awadhi akatoka nje na kopo lake. Harufu ya vanishi ingemsumbua bibi kifua, na ustaarabu ulimtaka aipake uani. Ukungu ulikuwa umejaa mpaka migomba haionekani. Kwa mtu wa Handeni, ambako vanishi hukauka huku unaitazama, ukungu ni baridi tu, unavaa sweta yanaisha. Akapaka. Alipomaliza kunywa chai akakuta nyumba imekuwa nyeupe yote, kuta, masizi na nyasi.

"Umeipaka chokaa?" bibi aliuliza, kwa upole uliomchoma Awadhi kuliko matusi.

Deogratius, kwenye simu, hakucheka safari hii. Unyevu umeingia kwenye vanishi kabla haijakauka, alisema. Usikwangue. Rudi nayo bondeni kwenye jua kavu, ipake vanishi ya kung'aa, nyembamba sana, ule weupe utayeyuka. Ikauke kabisa, ndipo urudie ya mati.

Kwa hiyo nyumba ikateremka tena, ikapita Korogwe, ikafika Handeni. Hamisa aliipokea akasema nyumba hiyo imesafiri kuliko yeye.

Siku hiyo hiyo jioni Janeth alipiga simu. Mama yake alikuwa amemsalimia akimdhania ni Grasiana, jirani yao.  Awadhi alielewa kwamba macho ya bibi yanazidi kuzima. Angeweza kuipaka mara moja tu, nzito, akapanda kesho yake. Alijizuia. Alipaka ile ya kung'aa, akaona weupe unaondoka na masizi yanarudi mahali pake, akashukuru Mungu kwa sauti. Akaiacha ikauke kwenye hewa kavu ya uani, akimfukuza kila kuku aliyesogea. Akakoroga kopo mpaka chini, akapaka mati nyembamba, akasubiri, akarudia. Haraka alikuwa nayo, tena kubwa, lakini hakuiruhusu ishike brashi. Hapo ndipo ninapomheshimu Awadhi Mhina kuliko popote.

Alipofika Dindira ukungu ulikuwa umeondoka. Bibi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kibanda cha jikoni. Janeth alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Awadhi alisalimia, akafungua kanga, akamwekea nyumba magotini.

Bibi aliisogeza karibu sana na uso. Hakuna kilichomulika. Alipitisha jicho polepole, ukuta hadi ukuta, akapita kwenye masizi, akapita kwenye kona ya mbuzi, akafika mbele. 

"Nani kaacha mlango wazi?" bibi akauliza. "Kuku wataingia."

Janeth alijifunika uso kwa mikono yote miwili.

Bibi alijaribu kuusukuma mlango kwa ncha ya kidole, haukusogea. Awadhi alikuwa ameugandisha mwenyewe, na juu yake kulikuwa na vanishi aliyoihangaikia kupanda na kushuka mlima. Hakufikiri mara mbili. Akatoa kisu mfukoni, akakata gundi, rangi ikabanduka kipande pembeni mwa fremu, akausukuma mlango ukafunga.

"Sawasawa," bibi akasema. Akainuka na nyumba yake mikononi, akamwambia Janeth akayatoe yale mahindi kwenye nyumba ya tofali, ili mama yake apate pa kuiweka, na pa kulala.