Siku Nilipobana Pumzi Kanisani

Jamani chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka, ila siku ile ardhi ingepasuka pale kanisani kwetu Katandala ningeingia bila kuaga.

Nilikuwa nimeshafanyiwa upasuaji wa titi la kushoto (saratani, tulitaje tu jina lake), nasubiri mionzi. Kule hospitali kubwa mtaalamu aliniambia wapo wagonjwa wanaopigwa mionzi huku wamebana pumzi, maana mapafu yakijaa moyo unasogea mbali na ile mionzi, lakini hawachukui kila mtu, wanamchagua anayeweza kubana akatulia na kufuata maelekezo. "Nenda nyumbani mama, kafanye mazoezi, halafu tutakupima." Basi mimi na kuupenda moyo wangu, nikawa nabana nikisonga ugali, nabana nikifua, nabana nikipalilia ulezi.

Jumapili moja padre anahubiri (na padre wetu akianza huwa hana haraka), nikajiambia, si nimekaa tu, ngoja nibane kidogo. Nikavuta pumzi, nikafumba macho, tuli. Jirani yangu Mama Deo, aliyejua ninaumwa, akanigusa.

"Dada? Dada, vipi?"

Ningejibu yangeisha. Lakini nilikuwa nimefika pazuri, nikasema moyoni nimalizie kwanza. Mama Deo akapiga yowe, "Uwii, anatuacha!" Wanaume wakaninyanyua mzobemzobe, kitenge huku, kiatu kule, mtu akanimwagia maji ya baraka, padre akaacha mahubiri akaja mbio na mafuta ya wagonjwa, akainama, na hapo ndipo pumzi ikanitoka fyuuu, pamoja na mate, yote usoni kwa padre.

"Nilikuwa nafanya mazoezi," nikasema.

Padre akajipangusa uso, akarudi kuhubiri.

Laiti ingeishia hapo. Kumbe mtu ameshapiga simu kwa ndugu zangu Chala, na jioni niko jikoni nageuza mboga, nasikia vilio nje: shangazi yangu na nusu ya ukoo, wamekodi gari, wamebeba unga na mikeka ya msiba. Nikatoka na mwiko mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

Alikaa chini palepale vumbini, akalia upya, kisha akainuka akanizaba kofi la bega. "Mpumbavu wewe! Umenizeesha!" Halafu akanikumbatia, hakutaka kuniachia. Ule unga tukausonga, tukala wote.

Niliporudi kupimwa, nililala kwenye mashine nawaza, baada ya aibu yote ile wakinikataa je? Sauti ya mtaalamu kwenye spika ikasema vuta, bana. Nikabana kama jiwe. Mtaalamu akaja anatabasamu: "Mama, unafaa. Moyo umesogea vizuri kabisa." Nililia hadi nikaishiwa machozi, mzigo wote ukanitoka kifuani. Mionzi nimemaliza, nipo, nalima.

Ila mazoezi ya kimyakimya mbele za watu, sirudii tena. Siku hizi padre akihubiri napumua kwa sauti, jirani zangu wasikie.