Chatu Aliyesusa

Jirani yangu, fundi cherehani, anafuga chatu mdogo ndani ya kasha la kioo kando ya meza ya kukatia, na hii ni wiki ya tisa chatu huyo amesusa kula. Kila asubuhi fundi humpima kwa futi ileile anayotupimia sisi viuno, pini mbili zikiwa mdomoni. "Hajapungua," hunong'ona. Kisha hupasha panya mfu kwenye maji ya vuguvugu, humfuta kwa kipande cha bitana, humning'iniza kwa kibano na kumkodolea chatu macho mpaka mkono umchoke. Jana dada yake aliguna. "Kaka, hata wewe ukitazamwa hivyo, tonge halishuki. Mwache bwana!"

Fundi akamwacha panya ndani, akafunika kasha kwa shuka, akachukua kigoda na shati langu nililomletea atie kifungo, akaja kukaa nje nami akiupa mlango mgongo. Mara tukasikia kishindo kidogo ndani. Sindano ikasimama hewani. "Usiangalie," akaniambia, naye hakugeuka. Akaendelea kushona mbiombio. Nilipofika nyumbani nikakuta kifungo kimeshonwa juu ya tundu lake. Sijamrudishia shati alirekebishe.